Nani Amfundishe Mwalimu wa Falsafa?

Wahenga walituachia neno kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii twaikariri majumbani na twaiandika kwenye kuta za madarasa, lakini mtoto akiuliza mara ya tatu twamwambia anyamaze. Ndivyo ilivyo kwa somo la falsafa katika shule nyingi za nchi zetu za Maziwa Makuu. Hili ni somo ambalo kazi yake ni kuuliza, kupima jibu na kuuliza tena. Hata hivyo, katika madarasa yasiyo machache limegeuka kuwa somo la imla. Mwalimu husoma daftari lake la miaka mingi, wanafunzi huandika, na siku ya mtihani kila mmoja hurudisha alichopewa: Plato alisema hivi, Aristotle alisema vile, Descartes akaongeza jambo hili. Mtihani ukipita, maneno hayo huondoka pamoja na sare za shule.

Ndugu msomaji, makala hii haikuandikwa ili kumlaumu mwalimu huyo. Nia yetu ni kutazama njia zilizopo za kumwendeleza katika kazi yake, kueleza mambo yaliyofanywa katika nchi nyingine, na kupima ni yapi yanayowezekana kwetu kwa mshahara tulio nao na kwa saa zile zile 24 za siku. Jambo hili lawahusu wazazi pia. Mtoto anayefundishwa kufikiri huanza kuuliza nyumbani, na mwalimu anayekwenda masomoni huacha nyumba inayomngojea.

SOMO LENYEWE NA UPWEKE WA ANAYELIFUNDISHA

Yafaa kwanza tueleze somo hili hufundishwa wapi. Nchini Ufaransa falsafa imo katika mwaka wa mwisho wa sekondari tangu karne ya 19, na mtahiniwa hupewa saa 4 kuandika insha juu ya swali moja au kufafanua kifungu cha mwandishi. Desturi hiyo ilienea hadi Senegal na Kameruni. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, falsafa hufundishwa katika miaka ya mwisho ya sekondari. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako shule zilifuata mfumo wa Kiingereza, falsafa haimo miongoni mwa masomo ya kawaida ya sekondari. Huko hupatikana katika vyuo vikuu na seminari, na pia katika vyuo vya ualimu kwa sura ya falsafa ya elimu.

Kutokana na hali hiyo, mwalimu wa falsafa mara nyingi huwa peke yake. Shule yaweza kuwa na walimu 4 wa hesabu, nao wakagawana mazoezi, wakasahihishana na kuazimana vitabu. Mwalimu wa falsafa hana wa kumwuliza. Pengine amepewa pia vipindi vya uraia, vya dini au vya Kifaransa ili kujaza ratiba yake. Si wachache waliojifunza falsafa katika seminari, wakaacha njia ya upadre, wakaingia darasani wakiwa na maarifa mema ya mantiki na ya historia ya fikra, lakini bila kupita chuo cha ualimu. Wengine wametoka chuo cha ualimu wakijua namna ya kuandika andalio la somo, ila falsafa waliisoma kwa muhula mmoja tu. Wa kwanza ana maji lakini hana mtungi, na wa pili ana mtungi lakini hana maji. Wote wawili wanahitaji kuendelezwa, kila mmoja kwa namna yake.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Msomaji aweza kusema kwamba tunakosa madawati na dawa, itakuwaje tuhangaikie falsafa? Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lisilo la mapambo.

Katika mwezi wa Julai 1993 kituo cha redio kilichoitwa RTLM kilianza kutangaza nchini Rwanda. Kilipiga muziki uliopendwa na vijana, kilitumia lugha ya mitaani, na kidogo kidogo kikawafundisha wasikilizaji kumwona jirani kuwa mdudu. Mwaka 1994 maneno hayo yalifuatwa na mapanga. Waliosikiliza na kutii hawakuwa watu wasiosoma pekee. Miongoni mwa walioua na walioamuru kuua walikuwamo walimu, mapadre, madaktari na watu wenye shahada. Tena yajulikana kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo, mwalimu wa shule ya msingi alikuwa akiwaamuru watoto wasimame darasani kwa makabila yao ili awahesabu.

Basi hatuwezi kudai kwamba elimu peke yake humzuia mtu asifanye uovu, wala kwamba falsafa ni kinga kama chanjo. Tunalosema ni dogo zaidi, nalo ni hili: kijana aliyezoezwa kwa miaka 12 kuandika kila anachoambiwa, bila kuuliza aliyesema amejuaje, amezoezwa utii wa aina moja tu. Leo redio imeingia katika simu ya mkononi, na uvumi hufika kijijini kabla ya gazeti. Somo lililowekwa katika ratiba ili kumfundisha kijana kusema "thibitisha" haliwezi kuachiwa imla. Rwanda yenyewe, katika mtaala mpya uliotangazwa mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016, imeweka uwezo wa kufikiri kwa kuhoji miongoni mwa stadi zinazotakiwa kupita katika masomo yote. Lakini mtaala ni karatasi. Anayeutia uhai ni mwalimu, na mwalimu hawezi kutoa asichopewa.

MWALIMU AKAE KWANZA KITI CHA MWANAFUNZI

Mfano wa kwanza watoka Marekani. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa mantiki katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Matthew Lipman, aliona kwamba wanafunzi wake walikuwa wamechelewa. Walifika chuoni wakiwa watu wazima, nao tayari walikuwa na mazoea mabaya ya kufikiri ambayo muhula mmoja usingeweza kuyaondoa. Badala ya kuwalaumu walimu wa shule za chini, alitunga hadithi ya mtoto wa shule anayegundua kanuni za mantiki kwa kuzungumza na wenzake. Hadithi hiyo yaitwa Harry Stottlemeier's Discovery. Mwaka 1974, katika chuo cha Montclair State, jimbo la New Jersey, alianzisha taasisi ya kuendeleza falsafa kwa watoto. Bibi Ann Margaret Sharp alishirikiana naye kwa miaka mingi, na wote wawili walifariki mwaka 2010.

Darasa la namna hii huenda hivi. Watoto hukaa kwa mduara. Husoma sehemu fupi ya hadithi kwa zamu. Kisha kila mtoto hutoa swali lililomgusa, na mwalimu huliandika ubaoni pamoja na jina la mwenye swali. Darasa huchagua swali moja na kulizungumza. Mwalimu hatoi jibu. Kazi yake ni kuuliza: una sababu gani? Je, kuna mfano unaopinga? Uliyosema yanapatana na aliyosema mwenzako?

Kinachotuhusu zaidi ni namna walimu wa kazi hiyo walivyoandaliwa. Hawakupewa mihadhara juu ya mduara. Waliketi wenyewe katika mduara kwa siku kadhaa, wakasoma hadithi ile ile, wakaandika maswali yao, wakabishana na kukosolewa. Baadaye kila mmoja aliongoza wenzake, na mwisho mkufunzi alimfuata darasani kwake kumtazama akifanya kazi. Hatua hizo tatu, yaani kutenda kama mwanafunzi, kuongoza wenzako na kutazamwa darasani, ndizo zinazoyatofautisha mafunzo ya kweli na semina ya kusikiliza.

Kazi hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1985 liliundwa baraza la kimataifa la wanaofanya falsafa na watoto, na nchini Uingereza shirika liitwalo SAPERE lilianza mwaka 1992, nalo hutoa kozi za ngazi mbalimbali kwa walimu. Haki yatudai tuseme pia kwamba matokeo hayakuwa ya ajabu kila mahali. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2015 katika shule za msingi 48 ulionyesha maendeleo kiasi katika kusoma na hesabu, lakini utafiti mwingine mpana zaidi uliotangazwa mwaka 2021 haukuona faida hiyo katika kusoma. Mwenye kutaka kumpa mtoto falsafa ili apate alama za juu katika hesabu huenda akasikitika. Mwenye kutaka mtoto ajifunze kumsikiliza mwenzake na kutoa sababu bado anayo haja ya kujaribu.

WALIMU WAKIJITETEA WENYEWE

Mfano wa pili watoka Ufaransa. Katikati ya miaka ya 1970, Waziri wa Elimu René Haby alileta mageuzi ambayo walimu wengi wa falsafa waliyaona kuwa yangepunguza nafasi ya somo lao. Walimu na wanafalsafa, miongoni mwao Jacques Derrida, waliunda kikundi cha kuchunguza ufundishaji wa falsafa, kilichojulikana kwa kifupi kama GREPH. Mwezi Juni 1979 walimu kutoka pembe nyingi za nchi walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, kujadili hali ya somo lao. Hawakutetea tu vipindi walivyokuwa navyo. Waliuliza jambo zito zaidi: kwa nini falsafa ingoje mwaka wa mwisho, kana kwamba kijana wa miaka 14 hana akili ya kuuliza?

Mwaka 1983 kilifunguliwa mjini Paris Chuo cha Kimataifa cha Falsafa, ambacho mihadhara yake huwa wazi kwa kila atakaye, na walimu wa sekondari nao waliruhusiwa kuongoza mafunzo humo. Jambo hilo lina heshima yake. Mwalimu wa shule hakuitwa kwenda kupokea tu. Aliitwa pia kutoa.

Tena kuna jambo la Kifaransa ambalo halina jina kubwa, nalo lafaa kuigwa kuliko yote. Wakati wa kusahihisha mitihani ya taifa, walimu wa falsafa hukutana na kusoma nakala zile zile za majibu, kila mmoja hutoa alama zake, kisha hulinganisha. Mmoja ametoa 7 kati ya 20, mwingine ametoa 13. Hapo kila mmoja hulazimika kueleza alichokitafuta na alichokipata. Kwa saa chache mwalimu hujifunza mengi juu ya kazi yake kuliko katika wiki nzima ya mihadhara, kwa sababu kila maoni yanashikwa na ushahidi ulio mezani.

HAZINA ILIYO KARIBU NASI

Isidhaniwe kwamba mwalimu wa falsafa wa Afrika hana budi kungoja mwaliko wa Ulaya. Baadhi ya kazi kubwa za fikra zilifanyika hapa hapa, nazo ni shule kwa mwalimu anayetaka kukua.

Alexis Kagame wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki Nairobi mwaka 1981, alikuwa padre, mwanahistoria na mshairi. Mwaka 1956 alitoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, akiichunguza lugha ya Kinyarwanda yenyewe. Aliona kwamba vyote vilivyopo vyaweza kugawanywa katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwani haya ni mtu, kitu, mahali na namna. Padre Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, na Kagame alitaka kuonyesha jambo hilo kwa ushahidi wa lugha.

Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki mwaka 2024, aliwapinga kwa ukali. Aliuliza: je, lugha ya watu wote yaweza kuitwa falsafa ya watu wote? Falsafa si kazi ya mtu mwenye jina, anayetoa hoja na kukubali kupingwa? Hapa mwalimu amepewa somo la wiki tatu bila gharama. Na aliandike swali ubaoni: sarufi yetu inatuambia tunavyofikiri, au inatuambia tu tunavyosema? Wanafunzi wenye Kirundi, Kinyarwanda, Kishi au Kiluba watakuwa na ushahidi ambao kitabu cha Paris hakina.

Huko Nairobi, Profesa Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995, alichukua njia nyingine. Alikwenda vijijini na kuwahoji wazee. Alitofautisha kati ya mzee anayejua sana mila na kuzieleza, na mzee anayeweza kusimama mbali na mila, akaipima na hata kuikosoa kwa hoja. Huyo wa pili ndiye aliyemwita mwenye hekima ya kifalsafa. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya. Matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1990. Mwalimu wa wilayani anaweza kufanya kazi ya namna hii akiwa na daftari na kalamu. Amwulize mzee: mtu mwema ni yupi? Kisha amwulize: na je, akitokea mtu asemaye sivyo, utamjibuje? Swali la pili ndilo linaloonyesha tofauti.

SEMINA NA POSHO

Sasa tuseme wazi jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Katika nchi zetu neno "semina" limeungana na neno "posho" kama pete na kidole. Mwandishi wa makala hii amepata kukaa katika ukumbi wa mafunzo, ambao hautatajwa, ambako asubuhi viti vilijaa, karatasi ya mahudhurio ikapita, na baada ya chakula cha mchana walibaki watu wachache pamoja na mkufunzi aliyeendelea kusoma karatasi zake. Waliotoka hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa walimu wema wenye karo za kulipa, nao walijua kwamba hakuna lolote katika karatasi zile ambalo lingebadilisha darasa la Jumatatu.

Posho si dhambi. Mwalimu hawezi kula nauli ya wenzake, wala kulala njiani. Lakini mafunzo yanayopimwa kwa siku na posho hufa siku ya mwisho ya posho. Mafunzo yanayopimwa kwa kinachotendeka darasani huendelea, hata kama hakuna aliyelipwa. Japani walimu wamekuwa na desturi ya kuandaa somo moja pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakawatazama wanafunzi wakijifunza, kisha wote wakakaa kulirekebisha. Kenya nayo, tangu mwaka 1998, iliendesha kwa msaada wa Japani mpango mkubwa wa mafunzo kazini kwa walimu wa hesabu na sayansi. Mwalimu wa falsafa hakuhesabiwa humo, lakini hakuna sheria inayomkataza kuazima njia.

MAMBO MATANO YANAYOWEZEKANA

Ili makala isiishie katika sifa za mbali, tunaleta mapendekezo haya kwa mwalimu, kwa mwalimu mkuu na kwa mkaguzi.

Kwanza, ule upweke uvunjwe. Walimu wa falsafa wa shule tatu au nne zilizo jirani wakutane mara moja kwa mwezi, hata kama ni wanne tu. Wasikutane kusoma hotuba. Kila mmoja alete nakala tatu za insha za wanafunzi, bila majina na bila alama. Wazisahihishe wote, walinganishe na waelezane. Hiyo ndiyo desturi ya Kifaransa tuliyoitaja, nayo gharama yake ni nauli ya baiskeli na kikombe cha chai.

Pili, mwalimu atazamwe darasani na mwenzake, si kwa ukaguzi bali kwa msaada. Mwenzake ahesabu mambo mawili tu: mwalimu ameuliza maswali mangapi, na baada ya kila swali amengoja kwa muda gani kabla ya kulijibu mwenyewe. Wengi tutashangaa. Swali huulizwa, mwalimu anahesabu moja, mbili, kisha anajijibu. Mwanafunzi hujifunza haraka kwamba akinyamaza jibu litakuja lenyewe.

Tatu, kwa wanaoweza, masomo ya juu yatafutwe. Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere cha Kampala na Chuo Kikuu cha Lubumbashi vina walimu wa falsafa, na vyuo vya ualimu vya Kongo huandaa walimu wa sekondari. Kabla ya kujaza fomu, mwalimu aulize mambo matatu kwa maandishi: je, mwajiri atamruhusu kwenda na kumrudisha kazini? Je, cheti hicho kitatambuliwa katika daraja la mshahara? Na je, kuna masomo ya likizo, ili asiiache familia mwaka mzima? Wapo waliorudi na shahada wakakuta nafasi imejazwa, na hao hawakukosa akili, walikosa barua.

Nne, maktaba isiyo na kuta itumiwe kwa uangalifu. Tangu mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kimekuwa kikitoa ensaiklopidia ya falsafa katika intaneti bila malipo, ikiwa na makala zilizoandikwa na wataalamu, zikiwemo za falsafa ya Afrika. Shirika la UNESCO lilitoa mwaka 2007 kitabu kikubwa juu ya ufundishaji wa falsafa duniani, na mwaka 2014 kitabu cha mafunzo chenye maandishi ya wanafikra wa Afrika, Waarabu, Asia na Amerika ya Kusini. Vitabu hivyo vyapatikana bure. Mwalimu mmoja mwenye simu na mtandao aweza kupakua na kuwachapishia wenzake kurasa chache. Ajihadhari tu na kunakili bila kusoma, maana imla ya intaneti ni imla vile vile.

Tano, siku ya falsafa iadhimishwe. UNESCO ilianza kuiadhimisha mwaka 2002, nayo huwa Alhamisi ya tatu ya mwezi Novemba. Siku hiyo shule iwaalike wazazi na wazee, wanafunzi wajadili swali moja mbele yao, na mzee mmoja apewe nafasi ya kuwajibu kwa hoja. Mwalimu akiwa na jambo la kulionyesha hadharani, hujiandaa kwa moyo mwingine.

NYUMBANI NAKO

Mwisho twageukia nyumba, kwa kuwa ukurasa huu ni wa nyumba. Maendeleo ya mwalimu hulipwa na watu wote wa nyumba yake. Jumamosi anayokwenda kukutana na wenzake ni Jumamosi ambayo mkewe atalima peke yake. Mwalimu mwanamke akitoka kwenda masomo ya likizo, kuna mtu wa kushika jiko na watoto. Mara nyingi mume huruhusiwa na mke huulizwa, "Utamwachia nani nyumba?" Tuseme bila kuzunguka: ikiwa swali hilo ni la haki, basi liulizwe pande zote mbili. Kabla ya kuanza masomo, mume na mke wakae chini na daftari, waandike karo ya masomo, nauli na siku za kutokuwapo, na upande wa pili waandike ni nani atafanya kazi gani siku hizo. Makubaliano yaliyoandikwa huzuia manung'uniko ambayo yamevunja masomo ya wengi.

Na mzazi asiye mwalimu naye ana sehemu yake. Kijana akirudi kutoka shule na kuuliza, "Baba, kwa nini jambo hili ni lazima?" si kila mara anakosa adabu. Adabu ni namna ya kuuliza, haiko katika kutouliza. Mzazi aweza kujibu, "Wewe waonaje, na kwa sababu gani?" Kisha asikilize hadi mwisho. Akiona hoja ya mtoto ni dhaifu, amwonyeshe udhaifu ulipo. Akiona ina nguvu, heshima yake haitapungua kwa kukiri. Nyumba inayofanya hivyo humsaidia mwalimu kuliko kitabu kipya.

Wakaguzi na wakuu wa elimu nao tunawaomba jambo moja jepesi. Wanapopanga mafunzo kazini ya mwaka, wasimsahau mwalimu huyu kwa sababu yuko peke yake katika orodha. Wawakusanye wa wilaya kadhaa pamoja, wawape vitabu viwili vitatu na nafasi ya kutazamana darasani, kisha warudi baada ya muhula kuona kilichobadilika. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu mmoja hupokea kila mwaka vijana 40 au 60 walio karibu kupiga kura, kuoa na kuolewa, kushika ofisi na kushika silaha. Miongoni mwao wamo watakaosikia siku moja, kwa redio au kwa simu, kwamba jirani yao si mtu. Siku hiyo itafaa sana kuwe na mmoja atakayeuliza: umejuaje?